"Sijala, daktari"

Nilimuuliza mzee mmoja kama ninavyouliza kila siku: "Mzee, umekula chochote tangu jana usiku?" Akanijibu, "Sijala, daktari." Nikaweka alama kwenye fomu, nikaendelea na mengine. Tulipomlaza thieta, yaani chumba cha upasuaji, alicheua, akaziba mdomo kwa aibu. "Samahani, ni ile dawa ya alfajiri." Kikombe kizima cha mitishamba, kizito kama uji. Hakunidanganya hata kidogo. Kwake dawa si chakula, na mimi niliuliza chakula.

Tuliahirisha upasuaji, maana tumbo halikuwa tupu. Kanuni za kufunga tunazijua: maji matupu hadi saa 2 kabla ya dawa ya usingizi, mlo mwepesi saa 6, wenye mafuta saa 8 au zaidi. Tusichokijua ni maana ya neno "kula" kichwani mwa aliye mbele yetu. Siku hizi nauliza, "Tangu jana usiku, kitu gani kimepita mdomoni? Maji, dawa, cha kutafuna?" Majibu ninayopata sasa ni mengine kabisa.

Naanza na kisa hiki kwa sababu mafunzo kazini kuhusu utamaduni wa mgonjwa tumeyazoea vibaya. Tunakaa ukumbini, tunaoneshwa jedwali: watu wa dini hii hawataki hiki, wa kabila lile wanaona haya kile. Tunasaini, tunachukua pointi za mafunzo, tunaondoka na orodha. Mwaka 1998 Melanie Tervalon na Jann Murray-García, madaktari wa Marekani, walipinga mtindo huo. Walisema utamaduni wa mtu si somo la kuhitimu, kama famakolojia, elimu ya dawa. Tabibu anahitaji unyenyekevu wa kuendelea kuuliza na kujichunguza. Mimi nawaunga mkono, tena kwa sababu ya usalama kuliko adabu.

Chukua suala la damu. Kila mtu hukariri kwamba Mashahidi wa Yehova hawaongezewi damu. Ni kweli kwa damu nzima, chembe nyekundu, chembe nyeupe, chembe sahani na plazima. Lakini albumini (protini ya damu), vigandishi (protini zinazogandisha damu), au mashine inayokusanya damu ya mgonjwa mwenyewe na kumrudishia, hayo kila muumini huamua kwa dhamiri yake. Aliyekariri jedwali ataandika "hataki damu" na kufunga faili. Anayeuliza atapitia kimoja baada ya kingine, akiwa na mgonjwa peke yake, bila ndugu wala wazee pembeni, na ataandika kila jibu. Tofauti hiyo yaweza kuwa uhai wa mtu.

Halafu kuna vilivyomo kwenye sindano zetu. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tunayotumia kwa kawaida hutengenezwa kutoka utumbo wa nguruwe. Ule weupe wa propofoli, dawa ya usingizi, ni mafuta ya soya na lesithini ya kiini cha yai. Mimi nilihitimu bila kuambiwa hayo. Mgonjwa ndiye aliyeniuliza, nikabaki kukodoa macho. Wengi ukiwaeleza hukubali, hasa pasipo dawa mbadala. Ila wakubali wao, wakijua.

Vifaa navyo si vya kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Utafiti uliochapishwa Desemba 2020 katika New England Journal of Medicine ulilinganisha kipimo cha oksijeni cha kidoleni na kipimo cha damu yenyewe, iliyotolewa kwenye ateri. Pale kifaa kiliposoma asilimia 92 hadi 96, wagonjwa weusi 11.7 kati ya 100 walikuwa kwa kweli chini ya 88. Weupe ni 3.6. Ukiwa na mgonjwa mwenye ngozi nyeusi anayehangaika kupumua huku namba ikionekana nzuri, chukua damu upime. Hina iliyokolea au rangi ya kucha pia huweza kuvuruga usomaji. Badilisha kidole, au weka kwenye ndewe ya sikio, kabla ya kumwambia bibi harusi aikwangue.

Maumivu nitayagusa tu: mama anayejibu "Namshukuru Mungu" ukimuuliza maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10 hajakupa namba. Mwambie akohoe, umtazame uso.

Na hirizi. Nimeona zikikatwa kwa mkasi na kutupwa kwenye ndoo mgonjwa akiwa ameshalala. Yenye chuma lazima ivuliwe, maana kisu cha umeme chaweza kumuunguza. Ya kitambaa au ngozi, ikiwa mbali na eneo la upasuaji, naifunika kwa plasta. Ikibidi kuvuliwa, namwomba aivue mwenyewe, tunaitia kwenye mfuko wenye jina lake, nesi wa chumba cha kuzindukia anaupokea. Kijana mmoja alipozinduka, kabla hajauliza upasuaji umekwendaje, mkono wa kushoto ulianza kupapasa mkono wa kulia. Nesi alikuwa ameshaushika ule mfuko.