Kutu inayohama ndani ya jiwe

Jiwe la mchanga kutoka Mabonde Makavu ya McMurdo, Antaktika, ukilitazama juu juu ni la kahawia tu, kavu kama tofali lililosahauliwa tanuruni. Lipasue kwa nyundo. Chini ya ganda utaona mstari mweusi, chini yake mweupe, kisha wa kijani. Yote hayo ndani ya sentimita moja, unene wa kidole kidogo.

Mistari hiyo ina wenyewe. Mweusi na mweupe ni makazi ya kuvumwani, yaani kuvu na mwani vinavyoishi kwa kutegemeana. Wa kijani ni mwani. Mvumbuzi Mwingereza Robert Falcon Scott alipita huko mwaka 1903 asione kiumbe hai hata kimoja. Wakazi walikuwa ndani! Wanasayansi Imre Friedmann na Roseli Ocampo-Friedmann ndio waliotangaza habari zao mwaka 1976.

Nje kuna upepo unaokausha kila kitu. Lakini jiwe linaloelekea kaskazini, upande wa jua, hupata joto hata hewa ikiwa chini ya sifuri. Theluji kidogo ikiyeyuka juu yake, maji hupenya ndani, na chembe za kwatzi, madini angavu yaliyounda jiwe hili, hupitisha mwanga.

Sasa madini. Ule ukahawia ni oksidi za chuma, kutu kwa lugha ya nyumbani. Kuvu hutoa asidi ya oksaliki, ileile iliyomo kwenye mchicha, ambayo pia huondoa kutu kwenye vyuma. Asidi hukamata chuma na kukiyeyusha, maji hukibeba, na kwingineko kinaganda tena. Ndiyo maana ukanda mweupe ni mweupe: umefuliwa. Kinachoshikanisha chembe nacho hulegea, hadi ganda linabanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Baadhi ya wakazi hupeperushwa, wengine huzidi kuingia ndani, na uso mpya huanza kushika kutu. Haraka haipo, kazi hii huhesabiwa kwa maelfu ya miaka.

Kinachonivutia zaidi ni kinachobaki wakifa. Miili hupotea, lakini chuma kilichohamishwa hubaki kilipohamia, kama nyayo. Sayari ya Mirihi nayo ni baridi, kavu, na imejaa kutu, kwa hiyo wanaotafuta dalili za uhai wa kale huko wana sababu ya kuyachunguza mawe haya. Tatizo ni kwamba maji peke yake pia huchora mistari ya kutu, na mstari mweupe pekee haujawahi kutosha kuwa ushahidi.