Fomu ya ukaguzi wa ving'ora vya moto: yanayoaminika na yaliyo kweli

Ukifungua faili la usalama la hoteli au jengo la ofisi, iwe Mombasa au Dar es Salaam, aghalabu utakuta ripoti za ukaguzi wa ving'ora zisizotofautiana ila kwa tarehe: tiki kuanzia juu mpaka chini, sahihi, muhuri. Wengi humlaumu fundi. Mimi huanza kuilaumu fomu, maana aliyeitunga alikuwa na imani kadhaa zisizo kweli hata kabla fundi hajapanda ngazi.

"Tiki zikijaa, mfumo ni mzima"

Tiki haisemi kilichopimwa. Chukua mstari unaosomeka "Betri: sawa". Paneli nyingi, yaani masanduku yanayoongoza mfumo wa ving'ora, hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata volti 24. Betri iliyochoka, ikipimwa haina mzigo (yaani haiendeshi kifaa chochote), yaweza kuonyesha volti nzuri kabisa, kisha ikazimia pale umeme umekatika na ving'ora vinatakiwa kulia. Kiwango cha Marekani, NFPA 72, kwa kawaida kinataka betri iubebe mfumo kwa saa 24 na baada ya hapo iweze kuliza ving'ora kwa dakika 5. Kile cha Uingereza, BS 5839-1, kwa kawaida kinataka saa 24 na kisha nusu saa ya kulia. Neno "sawa" haliwezi kujibu swali la namna hiyo. Fomu na iulize tarehe iliyoandikwa kwenye betri, volti kabla ya mzigo, na volti mzigo ukiwepo. Joto la chumba nalo liandikwe: kwa makadirio ya kawaida, betri za aina hii hupoteza nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazozidi joto lililokusudiwa. Paneli iliyofichwa kwenye stoo isiyo na feni pale Tanga isitegemee miaka aliyoahidi mtengenezaji.

Kwa vigunduzi vya moshi hali ni mbaya zaidi. Baadhi yake hulia vikiguswa na sumaku, na fundi mwenye haraka anaijua sana njia hiyo. Sumaku huthibitisha kwamba waya na sakiti vinafanya kazi, basi. Kigunduzi kilichovikwa plastiki na wapaka rangi, kisha kikasahauliwa, kitafaulu mtihani wa sumaku bila shida. Kwa sababu hiyo NFPA 72 inataka jaribio lioneshe kuwa moshi unaingia hadi ndani ya chumba cha kihisio. Dawa ni safu moja tu ya ziada kwenye fomu: "Njia iliyotumika". Fundi aandike moshi wa kopo (wa kupuliza kwa majaribio), hewa ya moto kwa vigunduzi vya joto, au sumaku. Akilazimika kuandika "sumaku" mara sitini chini ya sahihi yake, atafikiri mara mbili.

"Taa ya kijani inatosha"

Taa hiyo ya kwenye paneli inasema umeme upo. Paneli huchunga nyaya zake, lakini haijui kwamba chumba kimegawanywa kwa ukuta mpya wa mbao na upande mmoja umebaki bila kigunduzi, wala kwamba kabati limesukumwa mbele ya kitufe cha kuvunja kioo, kile cha kuliza ving'ora kwa mkono. Fomu isiyouliza "Jengo limebadilika nini tangu ukaguzi uliopita?" imeacha swali ambalo hakuna kifaa kitakachomjibia fundi.

"Kila kifaa hupimwa kila ziara"

Mteja huamini hivyo, na mkandarasi hamsahihishi. Ukweli ni kwamba chini ya BS 5839-1, ziara za ukaguzi zifanyike takribani kila miezi sita, na kazi ya kupima vifaa yaweza kugawanywa kati ya ziara hizo, mradi ndani ya miezi 12 vyote viwe vimepitiwa. Hoteli yenye vifaa 240 yaweza kupimwa 120 leo na 120 ziara ijayo.

Hapo ndipo fomu yenye mstari mmoja, "Vigunduzi: vimepimwa", inapoharibu kazi. Ziara ya kwanza hupimwa vya mapokezi na korido, kwa kuwa ndivyo vinavyofikika. Ziara ya pili, vilevile. Vya juu ya dari ya jikoni, vya chumba cha seva ambacho mwenye ufunguo amesafiri, havipimwi miaka nenda rudi. Fomu inayofaa hubeba orodha ya vifaa vyote kwa anwani zake za kwenye paneli (namba inayokitambulisha kila kifaa), na kila kifaa kina majibu matatu: kimefaulu, kimefeli, hakikufikiwa. Hili la tatu ndilo la thamani kuliko yote, na ndilo linalokosekana mara nyingi. Ziara ijayo ianzie hapo.

"Fomu ya intaneti ni fomu tu"

Pakua, badilisha nembo, tumia. Lakini fomu ya Kimarekani haitakuwa na nafasi ya jaribio la kila wiki, ambalo BS 5839-1 inamwachia mtumiaji wa jengo: kitufe kimoja kibonyezwe, na kila wiki kiwe kingine. Hata sauti hupimwa kwa vipimo tofauti. Waingereza kwa jumla hutaka desibeli 65, au 5 juu ya kelele za mahali. NFPA 72 huanza na 15 juu ya kelele za wastani. Tazama michoro ya usanifu uone mfumo ulijengwa kwa kiwango kipi, kisha kiandike juu ya fomu.

"Serikali imeshakagua"

Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zinataka ukaguzi wa usalama wa moto angalau mara moja kila miezi 12. Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua majengo. Wakaguzi hao hawaji kukufungulia kigunduzi kimoja kimoja. Wanataka kuona kumbukumbu za aliyefanya hivyo.

"Tukihamia kwenye tableti, ujanja utakwisha"

Utahama nao. Fomu ya kidijitali inayofunguka ikiwa tayari imejazwa "Sawa" ni mbovu kuliko karatasi. Majibu yote yaanze yakiwa matupu. Ipe kila fomu namba ya toleo, na ripoti iliyosainiwa isifunguke tena kuhaririwa. Ambatisha pia orodha ya matukio kutoka kwenye paneli: fundi aliyepima vigunduzi 120 ataacha alama 120 zenye saa na dakika.

NFPA 72 inataka kumbukumbu zitunzwe hadi jaribio linalofuata na mwaka mmoja zaidi. Ningezitunza kwa muda mrefu kuliko huo, hasa orodha ya kengele za uongo, kwani kigunduzi kinacholia bure kila msimu wa mvua hakitambuliki kwenye ripoti za mwaka mmoja.