Je, wajua kwa nini mama ni Nungarrayi na binti ni Nampijinpa?

Clifford Possum Tjapaltjarri. Billy Stockman Tjapaltjarri. Mick Namarari Tjapaltjarri. Ukisoma majina ya wachoraji wa Papunya, makazi ya Waaborijini katikati ya jangwa la Australia, utadhani nusu yao wametoka nyumba moja. Tangu sanaa yao ianze kuvuma miaka ya 1970, wageni wengi wamelichukulia neno hilo la mwisho kuwa jina la ukoo.

Silo. Jina la ukoo baba humwachia mwanawe. Hili hawezi kumwachia hata akitaka. Mtazame Jacinta Nampijinpa Price, seneta tangu 2022, na mama yake, Bess Nungarrayi Price, aliyekuwa mbunge wa Northern Territory, eneo la kaskazini mwa Australia. Jina la ukoo hapo ni Price, nalo limetoka kwa baba, Mzungu. Yale ya katikati hayafanani, na kwa utaratibu wao hayapaswi kufanana.

Wawarlpiri, jamii ya Waaborijini anayotoka Bess, wana makundi manane. Kila kundi lina jina la kiume linaloanza na J na la kike linaloanza na N: Jangala na Nangala, Jampijinpa na Nampijinpa, Japaljarri na Napaljarri (ndiyo Tjapaltjarri yetu, kwa tahajia ya majirani). Kiingereza cha huko huyaita majina ya "ngozi", ingawa rangi ya mtu haimo kabisa.

Kundi la mtoto halichaguliwi. Ukijua la mama umelijua la mtoto, kama vile anayejua leo ni Jumatatu asivyouliza kesho ni siku gani. Nungarrayi huzaa Nampijinpa, Nampijinpa huzaa Napanangka, Napanangka huzaa Nakamarra, na Nakamarra huzaa Nungarrayi. Wiki imekwisha, inaanza upya. Ni wiki ya siku nne tu, na makundi manne yaliyobaki yana wiki yao. Kwa baba mzunguko ni mfupi zaidi: Jangala humzaa Jampijinpa, Jampijinpa humzaa Jangala. Mjukuu basi hurudi kwenye kundi la babu mzaa baba, jambo ambalo Mkikuyu aliyempa kifungua mimba wake wa kiume jina la babu hatalishangaa sana.

Hesabu hizi mbili hukubaliana pale Nungarrayi anapoolewa na Jangala, kama inavyotakiwa. Watu huoana kinyume na utaratibu huo pia, na hapo mara nyingi mtoto hufuata hesabu ya mama.

Kwa hiyo "maana" ya Nampijinpa ni nafasi ya mtu: nani dada yake, nani anafaa kumuoa, nani wa kumkwepa. Na kwa kuwa Japaljarri wote huhesabiwa ndugu, hata wasipowahi kuonana, aliyedhani wale wachoraji ni ndugu hakupotea sana. Alikosea aina ya undugu tu.

Lakini tusiitandaze hesabu hii Australia nzima. Wazungu walipoanza kuhamia huko kulikuwa na lugha zaidi ya 200. Kuna jamii zenye makundi manne, nyingine mawili, na Wapitjantjatjara, walio kusini mwa jangwa hilohilo, kwa asili hawana majina haya.

Mwalimu au nesi mgeni akikaa Yuendumu, kijiji cha Wawarlpiri, kwa kawaida naye hupewa kundi. Papo hapo anapata kaka, dada, watoto, na, akiwa mwanamume, mama wakwe kadhaa ambao adabu inamtaka asikae nao karibu wala kuzungumza nao.