Kwa nini gari hula mafuta baada ya themostati kutolewa: kompyuta ya injini na sensa zake

Fundi anapong'oa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na gari halitachemsha, anakuwa ameivuruga pia kompyuta ya injini. Baada ya muda mwenye gari huanza kulalamika kwamba mafuta hayakai, na wote wawili huanza kuituhumu pampu ya mafuta.

Chukua injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, iliyomo kwenye Toyota Probox na IST nyingi za barabarani kwetu. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, nozeli zake nne, zinazopuliza mafuta ndani ya injini, kwa jumla hufunguka mara 100 kila sekunde. Kompyuta yake, ile tunayoiita kontroli boksi, haioni mafuta wala moto. Inasoma umeme unaotoka kwenye sensa, kisha inaamua nozeli ikae wazi kwa muda gani na plagi itoe cheche lini. Injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, nozeli hukaa wazi kwa takriban milisekunde mbili au tatu tu, yaani sehemu mbili au tatu kati ya elfu moja za sekunde.

Sensa ya joto la maji ni kipande ambacho ukinzani wake hushuka kadiri kinavyopata joto. Maji yakiwa nyuzi 20, utapima kama omu 2,000 hadi 3,000. Yakifika nyuzi 80, omu 200 hadi 400. Petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye injini ya baridi, kwa hiyo kompyuta ikisoma baridi huongeza mafuta na kupandisha sailensi. Themostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ukiitoa, maji huzunguka kwenye rejeta muda wote, na kwenye safari ndefu ya barabara kuu yanaweza yasifike hata nyuzi 70. Kompyuta inaendelea kumwaga mafuta ya injini baridi njia nzima. Kama gari linachemsha kweli, kagua rejeta iliyoziba, feni, mfuniko wa rejeta na pampu ya maji. Themostati mbovu hubadilishwa, haitolewi.

Injini ikishapata joto, kazi kubwa huhamia kwenye sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi, kabla ya masega, yaani kichujio cha kusafisha moshi. Petroli gramu 1 huhitaji hewa gramu 14.7 ili iungue sawasawa. Sensa ya kawaida hutoa karibu volti 0.9 mafuta yakizidi na 0.1 hewa ikizidi. Ikiwa nzima, hupanda na kushuka bila kutulia. Kompyuta husahihisha mafuta kwa kuifuata, na masahihisho hayo husomeka kwa asilimia kwenye mashine ya kupimia. Hadi 10 juu au chini hakuna haja ya wasiwasi.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Msimbo wa hitilafu P0171, unaosomwa kwenye mashine hiyo, unasema mafuta ni machache kulinganisha na hewa, lakini wengi hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, ambayo mara nyingi imetoa ripoti ya kweli. Angalia masahihisho gari likiwa sailensi, halafu panda hadi mizunguko 2,500. Yakiwa makubwa sailensi kisha yakarudi karibu na sifuri, kuna hewa inayoingia bila kupimwa: mpira uliopasuka, gasketi ya manifoldi, bomba dogo lililochomoka. Yakizidi kupanda, shuku pampu ya mafuta, chujio la mafuta, au sensa ya hewa, inayopima hewa inayoingia kwenye injini, iliyochafuka. Sensa ya hewa ina waya mwembamba sana. Izime injini, ichomoe, ipulizie dawa yake maalumu, iache ikauke kabisa. Usiiguse kwa kidole wala brashi.

Sensa ya krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikiharibika ina dalili yake: gari huzima likiwa la moto, stata inazungusha bila kuwaka, likipoa linawaka kama kawaida. Bila sensa hiyo kompyuta haijui pistoni ziko wapi, hivyo hakuna cheche wala mafuta. Msimbo wake ni P0335, lakini kagua kwanza waya na plagi ya sensa, hasa kama injini ilioshwa kwa maji ya presha.

Taa ya cheki injini ikiwaka bila kupepesa, unaweza kuendesha taratibu hadi kwa fundi, mradi kipimo cha joto na taa ya oili viko sawa. Ikipepesa, silinda mojawapo haichomi mafuta yake, na petroli hiyo inakwenda kuungulia kwenye masega na kuyayeyusha. Punguza mwendo, simama mahali salama.

Na usikubali waya wa betri uchomolewe ili taa izime. Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi joto, mwendo na mizunguko ya wakati hitilafu ilipotokea, na vyote hufutika. Mwambie fundi aandike msimbo na namba hizo kwenye karatasi kabla hajafuta chochote.