Anayeuliza Hesabu Si Mleta Fitina

Wazee wa kanisa wakiniita kusuluhisha, neno la kwanza huwa lilelile: "Mchungaji, tuna mtu hapa ana roho ya Kora." Nikiuliza kafanya nini, naambiwa alisimama kwenye mkutano wa washarika akaomba taarifa ya mapato na matumizi ya ujenzi.

Dhana hii imenichosha. Kora wa kitabu cha Hesabu, sura ya 16, alimwasi Musa akitaka ukuhani. Huyu ametaka risiti za bati. Someni Matendo 6. Wayahudi wa Kiyunani, yaani waliosema Kigiriki, walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakukemea pepo wa mgawanyiko. Waliwaita wanafunzi wote, wakachaguliwa watu saba wa kusimamia kazi hiyo, na majina yote saba ni ya Kiyunani, kama ya upande uliolalamika. Mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea. Ndiyo maana kila ninapokwenda nasema: mhazini abandike taarifa ubaoni kila robo mwaka, halafu mhesabu ni "akina Kora" wangapi watakaobaki.

Mleta fitina yupo kweli. Huyo amejibiwa, ameonyeshwa vitabu vya hesabu, na bado anapita nyumba kwa nyumba akijikusanyia watu wa upande wake. Tena anaweza kuwa kiongozi mwenyewe: Diotrefe wa 3 Yohana alipenda kuwa wa kwanza, akawa anawafukuza watu kanisani.

Wazee hunijibu: "Tutamhubiri Jumapili, atajijua." Jamani, hapana. Mafumbo ya madhabahuni huwaumiza wasiohusika, na mhusika hutoka akisema limempata jirani. Mathayo 18:15 inakutuma kwake, wewe na yeye peke yenu, kabla hata ya baraza kusikia, na kabla kabisa ya kundi la WhatsApp la kwaya.

Wengine husema: "Tusihukumu, magugu yaachwe mpaka mavuno." Huo ni mfano wa Yesu, lakini Mathayo 13:38 inasema konde ni ulimwengu, si kanisa. Kuhusu kanisa, Tito 3:10 inataka mleta fitina aonywe mara ya kwanza na ya pili, kisha akataliwe.

Na wapo wasemao: "Akishatengwa, tumemalizana naye." Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba adhabu ya mtu waliyemwadhibu imetosha, wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni. Kwa hiyo kikao kinachomweka mtu chini ya marudi, yaani adhabu ya kanisa, kiandike palepale kwenye muhtasari: nani atamtembelea, na tarehe ambayo baraza litakaa naye tena.