Mfilisi si Muflisi

Wiki iliyopita nimelisikia tena neno *kufilisiwa* likitumiwa ovyo, safari hii ndani ya Hiace ya Uyole, hapa Mbeya. Kondakta alinyoosha kidole kwenye nyumba moja nzuri yenye maandishi mekundu ukutani akasema, "Mwenye ile kafilisiwa na benki." Gari zima likaitikia, masikini, kafilisiwa. Mimi ni wakili na nilikuwa nimebanwa kati ya gunia la maharage na mama mwenye mtoto, nikanyamaza. Hapa sibanwi na mtu, kwa hiyo nitasema.

Ufilisi ni utaratibu wa kisheria wa kukusanya mali yote ya mdaiwa aliyeshindwa kulipa madeni, kuiweka mikononi mwa mtu mmoja, kuiuza, na kuwagawia wadai wote kinachopatikana kwa mpangilio wa sheria. Kwa mtu binafsi tunatumia Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, tuliyoirithi kwa Waingereza tangu enzi za Tanganyika. Kwa kampuni tunatumia Sheria ya Makampuni, Sura ya 212. Kuna ombi linalopelekwa Mahakama Kuu, amri, tangazo, mkutano wa wadai, na mdaiwa kuhojiwa hadharani kuhusu mambo yake. Mwishoni, akibahatika, anaachiliwa na sehemu kubwa ya madeni yale inakufa. Hiyo ndiyo dhana yenyewe. Ukisahau mengine yote, shika maneno mawili: mali *yote*, wadai *wote*.

Sasa nije kwenye linaloniwasha.

Neno limetoka Kiarabu. *Fals* ni sarafu ndogo ya shaba, na Waarabu nao waliipata kutoka *follis* ya Warumi wa Bizanti. Wingi wake ni *fulus*, ndiyo fulusi tunayoisikia kwa watu wa pwani wakimaanisha hela. (Yupo na samaki anaitwa fulusi, lakini huyo hadaiwi na mtu.) Kwenye sarafu hiyo wakajenga kitenzi, *aflasa*, na wanazuoni wa lugha yao wanakieleza hivi: mtu alikuwa na dirhamu za fedha, sasa amebaki na vishaba. Wengine wanasema ni mtu aliyefika hali ya kusemwa kwamba hata hicho kishaba hana. Kwa hiyo neno la kuishiwa hela limezaliwa na hela yenyewe, jambo ambalo wateja wangu huwa hawalioni la kuchekesha.

Mtu wa namna hiyo ndiye *muflis*, kwetu muflisi. Angalia ile *mu-* ya mwanzo. Si kiambishi chetu cha ngeli ya watu, imekuja na neno kutoka kwao, na umbo lake ni lilelile la *muslim*: aliyesilimu ni muslim, aliyeishiwa ni muflis. Ndiyo maana muflisi ni yule aliyepatwa.

Ila Waarabu wana kitenzi kingine cha mzizi huohuo, *fallasa*, yaani kumtangaza mtu kuwa muflisi. Hiyo ilikuwa kazi ya kadhi. Jirani yako hakuweza kuifanya, wala mdai mmoja mwenye hasira na mlinzi wake. Kadhi alimtangaza mtu, akamzuia asiguse mali yake, kisha mali ikagawiwa wanaomdai. Hapo ndipo kilipo *kufilisi* chetu, kitenzi chenye mtendaji. Na Kiswahili kikafanya kinachofanya siku zote: kikachukua kitenzi, kikakitia *m-* yetu wenyewe, tukapata mfilisi. Kama msafiri ni anayesafiri, mfilisi ni anayefilisi. Ndiye anayekusanya, anayeuza, anayegawa. Maneno haya mawili yanatofautiana kama daktari na mgonjwa, na bado kila mwezi ninaona tangazo au chapisho linalomwita daktari mgonjwa.

Wingi ndio unaharibu kabisa. Mfilisi, wafilisi: sawa. Muflisi je? Wapo wanaosema wafilisi vilevile, na hapo hata mimi sijui tena nani anamdai nani. Mwenyewe husema waliofilisika, nikapumzika.

Rafiki yangu mmoja Mwislamu, wakili mwenzangu, huniambia kwamba dhana nzima imo katika hadithi mashuhuri ya Mtume. Aliwauliza masahaba, mnamjua muflisi ni nani? Wakasema ni asiye na dirhamu wala bidhaa. Akawaambia muflisi ni yule atakayekuja siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akamsingizia yule, akala mali ya fulani, akampiga fulani. Basi huyu atapewa katika mema yake, na yule atapewa, mpaka yaishe kabla deni halijaisha, na hapo atabebeshwa dhambi zao. Rafiki yangu husema angalia utaratibu ulivyo: wadai wote wapo, mali yote ipo mezani, na mgawaji ni mmoja. Mimi ni Mlutheri wa Tukuyu, lakini sijawahi kusikia muhtasari mzuri zaidi wa Sura ya 25.

Mtu atasema haya ni mambo ya walimu wa sarufi. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki 5 kwa siku moja kwa sababu ya upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Njombe Community Bank. Mei mwaka uliotangulia ilikuwa Mbinga Community Bank, kwa hiyo huku Nyanda za Juu Kusini habari hizi zilituingia majumbani. Bodi ya Bima ya Amana iliteuliwa kuwa mfilisi. Kiwango cha fidia ya bima wakati huo kilikuwa hadi shilingi 1,500,000 kwa mwenye amana. Aliyekuwa na zaidi ya hapo alisubiri mgao wa mali za benki kwa kilichobaki.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Makambako kwa kesi ya mirathi. Mama mmoja wa makamo, muuza mahindi, tukasalimiana *kamwene*, akasikia kwamba mimi ni wakili, akatoa simu kwenye khanga. Alikuwa na ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye magrupu, mtu kauandika kwa herufi kubwa: BODI YA BIMA YA AMANA NDIYO MUFLISI WA BENKI.

"Mwanangu," akaniambia, "si hawa hawa walitakiwa kutulipa? Kama na wenyewe wamekuwa muflisi, nauli ya kwenda Njombe ya nini?"

Alikuwa na 600,000 na ushee kwenye akaunti, yaani fedha yake yote ilikuwa ndani ya kiwango. Na hakuwa ameifuata, kwa ajili ya *u* moja. Nilimwandikia maneno yote mawili nyuma ya stakabadhi ya kupimia mahindi, muflisi juu, mfilisi chini. Akayatazama kama mtu anayekagua noti. "Kumbe mwenye benki ndiye huyu wa juu, na mwenye kalamu ndiye huyu wa chini." Sijapata kulieleza vizuri hivyo mahakamani.

Tukitoka hapo, kuna kufilisika na kufilisiwa. Kikombe kimevunjika, hatuulizi na nani. Kikombe kimevunjwa, kuna mtu anatafutwa. Vivyo hivyo aliyefilisika ni mtu aliyeishiwa: biashara imekufa, hela haipo, mtaani wanasema kafulia. Anaweza kufilisika leo mchana pale Mwanjelwa bila hakimu yeyote kujua. Aliyefilisiwa amefanyiwa jambo na mamlaka, kwa amri, na jina lake limetangazwa. Huyu hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama mpaka aachiliwe. Lakini pia amepata kitu ambacho aliyefilisika kienyeji hana: amri ikishatoka, mdai wa kawaida hawezi kumfungulia kesi hivihivi, lazima apite mahakamani kwanza na aingie foleni na wenzake. Ufilisi ni fimbo na ni mwavuli. Watu wanaiona fimbo tu.

Na jamaa wa nyumba yenye maandishi mekundu? Aliweka nyumba dhamana, akashindwa marejesho. Sheria ya Ardhi inataka apewe notisi ya siku 60, kisha sheria ya madalali inataka mnada utangazwe siku 14, ndipo nyumba iuzwe. Benki imechukua kitu kimoja, kile alichokitaja mwenyewe kwenye mkataba, kwa ajili ya deni moja. Haikugusa shamba wala gari, wala haikumuuliza mwenye duka la pembejeo anamdai kiasi gani. Bei ikizidi deni, kinachozidi ni chake. Ikipungua, benki inaweza kumdai pengo. Huko ni kuuziwa dhamana. Vivyo hivyo wale wa kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali, wanaokuja na bajaji kubeba sofa, jiko la gesi na televisheni: hawajamfilisi mtu, wamebeba vitu, na mara nyingi hata sheria yenyewe hawakupita nayo.

Makampuni yana kichekesho chao, nitakisema haraka. Kampuni yenye afya kabisa, isiyoshindwa deni hata moja, inaweza kupewa mfilisi. Wanahisa wamechoka, wanataka kufunga na kugawana. Wakurugenzi wanaapa kwamba madeni yote yatalipwa ndani ya miezi 12, mfilisi anateuliwa, kazi inaisha. Kampuni hiyo imefilisiwa bila kufilisika. Na ile ambayo msajili ameifuta kwenye daftari kwa kutowasilisha taarifa zake miaka nenda rudi, hiyo haikufilisika wala kufilisiwa, imefutwa tu.

Uingereza wapo mawakili wa kusimama mahakamani ambao wanakula, wanavaa na kusomesha watoto kwa kesi za ufilisi pekee, asubuhi kampuni, mchana mtu binafsi. Hapa Mbeya ukijaribu hivyo utafilisika wewe. Mimi nafanya ardhi, mirathi, ajali za barabara ya Tunduma, na ufilisi wa kweli unanijia kwa nadra. Hata wakala wa serikali wa mambo haya, RITA, watu huku wanaujua kwa vyeti vya kuzaliwa. Jina lake kamili ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Neno lipo palepale katikati, juu ya mlango, na foleni nzima inapita chini yake ikiwa imeshika vyeti vya kliniki.

Mteja aliyenifanya niandike haya alikuja Ijumaa. Mzee wa viazi, ana shamba upande wa Isyonje na Fuso moja la kupeleka lumbesa Dar es Salaam. Nyumba yake ya mjini iliuzwa kwa mnada mwezi uliopita. Alikuwa na barua tatu za mkono, zimekunjwa vizuri, moja ya SACCOS, moja ya duka la mbolea, moja ya dereva wake anayedai mishahara. Zote zilianza hivi: *Mimi nimefilisiwa na benki hivyo kisheria hamwezi kunidai tena.* Alitaka nizigonge muhuri.

"Mzee," nikamwambia, "Fuso liko wapi?"

"Liko nyumbani kwa mdogo wangu."

"Na viazi?"

"Vinachimbwa mwezi ujao, wakili. Mwaka huu vimekubali."

Nilimweleza kwamba hao watatu bado wanamdai vilevile kama jana, na kwamba barua ile ikifika kwa wakili wa SACCOS, Fuso ndilo litakalofuatwa kwanza. Akakaa kimya, kisha akasema mtaani wote wanasema kafilisiwa, na yeye ameshazoea. Nikachukua kalamu, nikapiga mstari mmoja mwembamba juu ya sentensi yake ili bado isomeke, na juu yake nikaandika: *Nyumba yangu imeuzwa na benki. Naomba muda hadi mavuno ya viazi.* Akasoma mara mbili, akaomba karatasi nyingine ili anakili kwa mwandiko wake mwenyewe.