Unataka Kuacha Ngano? Nenda Ukapimwe Kwanza

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la lishe hapa Nakuru siku hizi ni ya namna mbili. Kuna mtu aliyenunua unga "usio na gluteni", yaani usio na ile protini iliyomo kwenye ngano, kwa bei ya mara tatu ya unga wa kawaida, akaula kwa bidii, na kilo hazikushuka kama alivyoahidiwa, au zilishuka kisha zikarudi zote. Na kuna yule ambaye tumbo limemsumbua miaka, akaambiwa kwenye kikundi cha WhatsApp aache chapati na mkate, akaacha, akapata nafuu, na sasa anataka daktari amthibitishie kuwa ana ugonjwa wa seliaki. Wa kwanza amepoteza pesa. Wa pili ameharibu kipimo chake mwenyewe, naye ndiye anayetuhangaisha zaidi.

Seliaki ni ugonjwa halisi na si wa Wazungu peke yao. Ulaya unakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 100, lakini miongoni mwa watoto wa Sahara Magharibi, Waafrika wenzetu, watafiti waliukuta kwa kiwango kikubwa kuliko hicho. Kinga ya mwili ya mgonjwa hushambulia utumbo mdogo kila anapokula ngano, shayiri au rai (nafaka ya jamii ya ngano). Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, ndiye aliyeonyesha kuwa ngano ina mkono katika jambo hili, na njaa iliyoikumba nchi yake mwaka 1944 na 1945, mkate ulipokosekana, ilimpa nguvu ya kusimama na hoja hiyo. Hadi leo tiba ni ileile: kuacha gluteni maisha yote, hata chembe.

Kwa sababu ni hukumu ya maisha yote, hatuitoi kwa kukisia. Kwanza damu hupimwa kingamwili zinazoitwa tTG, ambazo huwa nyingi kwa mgonjwa wa seliaki anayekula ngano. Hupimwa zile za aina ya IgA, na papo hapo hupimwa jumla ya IgA yenyewe, maana wapo watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha na majibu yao hutoka safi ilhali ni wagonjwa. Damu ikionyesha dalili, daktari wa tumbo hupitisha kamera mdomoni mpaka mwanzo wa utumbo mdogo, akachukua vipande vidogo visivyopungua 4 vya kwenda kuangaliwa kwa hadubini. Kabla hujatolewa damu, uliza kama kipimo kinafanyiwa hapo hapo au sampuli inasafirishwa, kwa kuwa bei na siku za kusubiri hutofautiana.

Hatua zote hizo zina maana tu iwapo mgonjwa bado anakula ngano. Akiiacha miezi kadhaa, kingamwili hushuka, utumbo hupona, na karatasi ya maabara huandika kuwa hana kitu. Hapo hatuna budi kumwomba arudi kula gluteni kila siku, katika mlo zaidi ya mmoja, kwa muda usiopungua wiki 6, ndipo apimwe upya. Wengi hukataa, na siwalaumu, kwa kuwa tumbo linawauma. Lakini wanabaki bila jibu, na ndugu zao wa damu, ambao nao walipaswa kupimwa kwa kuwa ugonjwa huu hutembea katika ukoo, wanabaki bila jibu vilevile. Kipo kipimo cha vinasaba, DQ2 na DQ8, kinachoweza kufanywa hata kwa aliyekwisha kuacha ngano. Hicho huweza tu kuonyesha kuwa huna seliaki, usipokuwa na vinasaba hivyo. Ukiwa navyo haimaanishi una ugonjwa, kwani watu wengi wasio na tatizo lolote wanavyo.

Basi tafadhali. Si kila tumbo linalojaa gesi ni gluteni. Nasema hivi kwa heshima, lakini nimelisema mara nyingi mno. Mtu wa Kisumu, Siaya au Busia mwenye upungufu wa damu usiosikia vidonge vya chuma aangaliwe malaria na minyoo ya safura kabla ya kuanza kuulaumu mkate. Mwenye kuhara kusikokwisha apimwe choo kwa ajili ya vimelea vya jiadia na amiba, aulizwe kama maziwa humsumbua, apimwe HIV, na kama anakohoa na kukonda achunguzwe kifua kikuu. Nimeona watu waliotumia miezi kusoma vibandiko vya vyakula huku wakiwa na ugonjwa unaotibika bila malipo katika kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani kwao.

Sasa kilo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban watu wazima 27 kati ya 100 nchini Kenya wana uzito uliozidi, wanawake wakiwa zaidi ya mara mbili ya wanaume kwa kiwango. Hofu ya watu ina msingi, na mwenye kuamua kupunguza anastahili kusaidiwa. Ila asidanganywe. Gramu 100 za unga wa ngano zina kalori kama 360. Wa mahindi ni hivyo hivyo, na wa mchele pia. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban 120. Itazame chapati inavyopikwa nyumbani: mafuta kwenye unga wakati wa kukanda, mafuta tena inapokunjwa ili ichambuke, na mafuta pande zote mbili ikiwa kwenye kikaango. Mandazi huogelea ndani yake. Smocha ya kando ya barabara ina chapati hiyo pamoja na smoki iliyokaangwa. Anayeviacha vyote na chai ya sukari iliyokuwa ikiandamana navyo atapungua, na hata kama gluteni isingekuwepo duniani angepungua vilevile.

Kile kishindo cha wiki ya kwanza, kilo 2 au 3 kushuka ghafla, aghalabu ni maji. Mwili huweka wanga wa akiba kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika kama gramu 3 za maji. Ukipunguza wanga, akiba inatumika na maji yanatoka. Ukila wali na viazi Jumapili, yanarudi. Muuzaji wa unga analijua hilo, ndiyo maana picha zake zote za "kabla na baada" ni za siku chache.

Kwa wenye kisukari naomba niwe mkali kidogo. Ugali wa wimbi au mtama hauna gluteni, lakini hupandisha sukari, na sahani iliyojaa huipandisha sana. Kuna wagonjwa wanaofika wakiwa wameacha dawa kwa sababu wameacha ngano. Usiache dawa. Punguza donge la ugali, ongeza managu, sukuma, mrenda, maharagwe au omena, na uendelee kupima sukari yako kama ulivyoelekezwa kliniki.

Mfuko mmoja ulioletwa mezani kwetu uliandikwa kwa herufi kubwa kuwa hauna gluteni, hauna sukari na unayeyusha kitambi. Nyuma yake, kwenye viambato, palikuwa na maneno mawili tu: nafaka asilia. Hapakuwa na tarehe ya kuisha, namba ya toleo, anwani wala namba ya kibali. Tulipoumimina kwenye sinia tuliona unga wa wimbi na mahindi, aina ambayo mama yeyote sokoni angekusagia kwa sehemu ndogo ya bei ile. Wimbi, mtama, mahindi, mchele, muhogo, nduma na viazi vitamu havikuwahi kuwa na gluteni. Hakuna aliyeitoa, kwa hiyo usimlipe mtu kwa kazi ya kuitoa.

Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka chakula kinachodai kutokuwa na gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kila kilo. Anayeandika hivyo awe amepima maabara. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ni lazima iwepo pia, ingawa peke yake haithibitishi kuwa gluteni imepimwa. Kuhakiki kibali, tuma SM# ikifuatiwa na namba ya kibali kwenda 20023, kisha ulinganishe jina linalorudi na lile lililo kwenye mfuko. Yasipolingana, usimwage unga. Funga mfuko ukiwa na unga uliobaki, hifadhi risiti au ujumbe wa M-Pesa, piga picha ya tangazo kabla halijafutwa, na upeleke vyote kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yako. Yeye ana mamlaka ya kuingia dukani au kwenye kiwanda, kuchukua sampuli kwa ajili ya maabara, na kuizuia bidhaa isiuzwe mpaka majibu yatoke. Kuuza chakula chenye kibandiko cha kupotosha ni kosa chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, na adhabu yake ni faini, kifungo, au vyote viwili. Mwenye duka anayeuza asichokijua aanze leo kudai risiti yenye jina la aliyemletea, kwani mlango wa kwanza kugongwa ni wake. Vivyo hivyo, anayejiita mtaalamu wa lishe bila kusajiliwa na KNDI, taasisi inayosajili wataalamu wa lishe nchini, anavunja Sheria ya mwaka 2007 inayowahusu. Una haki ya kumwomba leseni yake ya mwaka huu kabla hujampa hata shilingi.

Aliyeamua kuacha unga wa ngano wa pakiti na kusaga mwenyewe ajue anachokiacha. Tangu 2012 sheria inataka unga wa pakiti wa ngano na wa mahindi uongezwe chuma, zinki, vitamini na asidi ya foliki. Unga wa kusaga mtaani hauna nyongeza hiyo. Mwanamke anayeweza kupata mimba anahitaji mikrogramu 400 za asidi ya foliki kwa siku, ili kumkinga mtoto na kasoro ya mgongo wazi, hivyo aulizie vidonge kliniki. Mahindi nayo yakaushwe hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5. Sumu ya aflatoksini iliua watu 125 katika maeneo ya Ukambani mwaka 2004, na haiondoki kwa kupika.

Kwa yule aliyethibitishwa ana seliaki, hatari yake kubwa iko kwenye mashine ya kusaga. Kinu kilichotoka kusaga ngano ya jirani hubaki na unga kwenye mawe, kwenye mfuko wa kutolea na ukingoni mwa debe. Wimbi lako likipita humo limechafuka. Ongea na mwenye mashine akusagie asubuhi kabla ya wengine, baada ya kufagia kinu na kusaga kwanza kilo kadhaa za mahindi ambazo hutazila wewe. Au tenga kinu chako. Nyumbani uwe na kikaango na ubao wako, na usome vibandiko vya soseji, mchuzi wa soya na viungo vya pakiti, kwani ngano hujificha humo. Unga wa uji wa mchanganyiko usinunue ukiwa umeshachanganywa.

Kwa watoto, msiwanyime mkate kabla hawajaonwa. Mleteni mtoto akiwa anakula kama kawaida, pamoja na kitabu chake cha kliniki chenye mchoro wa ukuaji, na mtueleze alianza kupewa nini, lini, na tumbo lilianza lini kumsumbua.